Primus 96 ya baba imeliwa na kutu, nianzie wapi?

Mwana_Marangu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua stovu za pampu za zamani.

Baba yangu alikuwa mpishi wa mlima, akiwapikia wageni wanaopanda Kilimanjaro. Mgeni mmoja alipomaliza safari alimwachia stovu yake ndogo, ile inayofunguka vipande na kuingia yote ndani ya kibweta chake cha bati. Imepigwa chapa Primus 96, Made in Sweden. Mzee aliipenda sana, lakini alipostaafu ikabaki stoo, na stoo yetu inavuja.

Hali yake sasa ni hii. Tangi ni la shaba, limekuwa jeusi ila kwa macho ni zima. Miguu mitatu inayobeba sufuria imekuwa myekundu kwa kutu. Kibweta kimetoboka kona moja. Pampu inaingia na kutoka bila kusukuma chochote, na ndani ya tangi kuna mafuta ya taa ya zamani yaliyogeuka kama gundi.

Jirani yangu fundi pikipiki ananiambia niitumbukize yote kwenye maji ya betri usiku mmoja. Roho inasita. Sitaki pambo la kabati, nataka iwake, na mzee aiwashe kwa mkono wake.

Kaka_Njoro

Miguu iloweke kwenye Coca-Cola, kutu itatoka. Ikikauka piga rangi ya silva ya kupuliza, itang'aa kama mpya.

Fundi_Kibokoni

Mwanangu wa Marangu, maji ya betri usiyaguse. Ile asidi ikishamaliza kutu inaendelea kula chuma chenyewe, na ikiingia kwenye mishono ya tangi hutaisuuza ikatoka yote. Na wewe Kaka Njoro, soda kweli inalegeza kutu nyepesi, lakini rangi ya kawaida karibu na moto itaungua, itoe moshi chini ya chakula cha watu. Miguu ya stovu haitaki rangi hiyo.

Nimekaa na stovu hizi miaka mingi hapa Mombasa, za Primus, za Optimus, za Radius. Kila anayeniletea analia na kutu, kwa sababu kutu ndiyo inayoonekana. Kutu ya miguu ni kazi ya jioni moja. Penye hatari ni tangi, basi anza na tangi.

Ligeuze utazame kitako. Kinatakiwa kiwe kimebonyea kwenda ndani kidogo au kiwe bapa. Kikiwa kimetuna kwenda nje, jua tangi lilipata joto au shinikizo kupita kiasi, na hapo hakuna ufundi, liweke kabatini libaki kumbukumbu. Tazama pia mshono wa chini na shingo ya kichwa, yaani pale panaposhika sehemu inayotoa moto, kwa nyufa nyembamba kama unywele. Usiisafishe shaba kwa dawa yenye amonia, inaweza kuipasua palipobanwa.

Likiwa salama, mimina mafuta ya taa mapya kidogo ndani, tikisa, liache siku mbili, mwaga. Rudia mpaka yatoke masafi. Usitie kokoto wala misumari ya kusugulia, vinakwaruza na kubaki ndani.

Halafu pampu. Chomoa mti wake, mwishoni utakuta kikombe cha ngozi. Hapana shaka kimekauka kikakakamaa, ndiyo maana hausikii uzito wa hewa. Mara nyingi hakijafa. Kiloweke kwenye mafuta ya cherehani mpaka kilainike, kisha kipanue taratibu kwa kidole kiguse kuta za bomba. Ndani kabisa, mwisho wa bomba la pampu, kuna vali ndogo yenye springi na kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, au mpira. Hiyo ndiyo inayozuia mafuta yasirudi kwenye pampu. Kipande kile kibadilishe bila kukionea huruma. Lakini mpira wa tyubu ya baiskeli usiuweke hata kwa dharura, ukinywa mafuta ya taa unavimba. Nenda duka la spea za magari, omba mpira unaostahimili mafuta, wa mfumo wa dizeli au petroli, ukate kiduara. Mpira wa kifuniko cha mafuta nao uwe wa aina hiyohiyo.

Kabla ya kiberiti chochote, funga tangi kwa kile kifuniko chake cha safari mahali pa kichwa, kaza skrubu ya hewa, ile ndogo ya kutolea shinikizo, pampu kidogo, uzamishe kwenye beseni la maji. Mapovu yatakuonyesha panapovuja. Tangi linalotoa mapovu haliwashwi.

Sasa ndiyo miguu. Siki nyeupe usiku mmoja, brashi ya waya asubuhi, suuza kwa maji ya magadi soda ili asidi iishe nguvu, kausha kwenye joto hapohapo, upake mafuta membamba. Shaba ya tangi isilale kwenye siki, itakula zinki iliyomo na kuacha shaba nyekundu kama imepigwa ngeu. Isugue kwa ukwaju au ndimu na chumvi kama mama zetu wanavyosugua sinia, suuza mara moja.

Bi_Chumbageni

Shikamoo fundi. Naongezea tu kwamba kikombe cha ngozi kikiwa kimechanika, fundi viatu anaweza kukikata kipya kwenye ngozi halisi ya ng'ombe, nyembamba. Ilowekwe maji, ibanwe juu ya kitu cha mviringo chenye kipenyo kidogo kuliko bomba, ikauke hivyohivyo, ndipo itiwe mafuta. Ya plastiki hata ikifanana na ngozi haifai. Kibweta nacho usikitupe, mwanangu. Kutu yake itoe, kona ipigwe kiraka cha bati kwa risasi ya kulehemu. Bila kibweta chake 96 imepoteza nusu ya maana yake.

Fundi_Kibokoni

Marahaba Bi Chumbageni, maneno ya mtu anayejua. Kiraka cha risasi ni kwa kibweta tu. Tangi lililokuwa na mafuta lisipelekewe moto wa kulehemu.

Mwana_Marangu

Shikamoo wazee wangu. Nimefuata yote. Kitako ni kizima, hakuna mapovu, ngozi imelainika na pampu sasa ina uzito. Miguu imetoka kijivu safi. Tatizo nimewasha nje uani, moto ukaruka juu wa manjano na moshi mweusi. Nikafungua skrubu ya hewa haraka, ukazimika. Nikaongeze pampu?

Fundi_Kibokoni

Marahaba. Skrubu umefanya vizuri sana, ndiyo breki yake pekee. Pampu usiongeze.

Stovu hii haichomi mafuta, inachoma mvuke wa mafuta. Hewa ya pampu inayasukuma kupanda kwenye kichwa, kichwa kikiwa moto yanageuka mvuke, unatoka kwa kasi kwenye tundu la nozeli, unachanganyika na hewa, unawaka buluu. Kichwa kikiwa baridi yanatoka mafuta yenyewe, ndiyo huo moto wako wa manjano. Huko kwenu kuna baridi, na spiriti ya kupashia kichwa moto uliyotia ilikuwa haba. Jaza kikombe cha spiriti kilicho chini ya kichwa, skrubu ya hewa ikiwa wazi, acha iwake mpaka inakaribia kuisha. Hapo ndipo ufunge skrubu na kupampu mara chache tu. Ukisikia mvumo na kuona buluu, ongeza pole pole.

Moto ukiegemea upande mmoja, nozeli ina uchafu. Ingiza sindano ya stovu, ile yenye kiwaya chembamba, wima bila kuizungusha, usije ukapanua tundu. Tangi lisizidi robo tatu, maana hewa inahitaji nafasi. Na mtu yeyote asikushauri petroli kwa sababu mafuta ya taa yamekuwa adimu. Stovu ya mafuta ya taa ikitiwa petroli ni bomu.

Ikishika buluu mpe mzee aweke birika dogo. Miguu ya 96 haikuumbwa kubeba sufuria la ugali wa wapagazi kumi.