MJADALA: Promotora alipwe na bima kwa nusu saa, au alipwe mshahara wa mwezi?

Mpangani_LA (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nafanya kazi kwenye kliniki moja mashariki mwa Los Angeles. Wagonjwa wetu wengi ni Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) watu wazima, na kisukari kimewakalia vibaya. Takwimu za CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, zinasema Mmarekani mtu mzima ana uwezekano wa asilimia 40 wa kupata kisukari cha aina ya pili maishani mwake. Kwa Mlatino inapita 50.

Wanaoibeba kazi mtaani ni promotora, kinamama wa palepale wanaopita nyumba kwa nyumba kumsaidia mgonjwa kupima sukari, kupanga chakula na kuelewa dawa zake. Kwetu Tanzania tungesema wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Miaka mingi wameishi kwa ruzuku za miradi. Mradi ukifungwa, nao wanarudi nyumbani. Tangu Julai 2022 Medi-Cal, bima ya jimbo la California kwa wenye kipato kidogo, inalipia kazi yao kwa vipande vya nusu saa. Mwaka 2024 Medicare, bima ya wazee ya nchi nzima, ikaanza nayo kulipa kwa hesabu ya dakika kwa mwezi. Watu walishangilia. Mimi sikushangilia.

Nilimsindikiza promotora mmoja kwa bibi mwenye asili ya Michoacán, Meksiko. Sukari ilikuwa haishuki na daktari alishamwongezea dozi. Tumefika, mazungumzo ni sherehe ya mjukuu anayetimiza miaka 15: gauni, ukumbi, nani kaalikwa, nani kanuna. Mimi naangalia saa tu. Baadaye promotora akasema ana kiu, akainuka mwenyewe kufungua friji kama mtu wa nyumba ile. Insulini ilikuwa kwenye friza, imebanwa na mifuko ya nyama, imeganda. Insulini ikishaganda imeharibika, hata ukiiyeyusha. Bibi alikuwa anajidunga kila siku dawa isiyofanya kazi, na sisi tunampandishia dozi!

Haya, ile nusu saa ya gauni na ukumbi utaiandikaje kwenye fomu ya bima? Bila hiyo friji isingefunguliwa. Ninachosema ni kwamba alipwe mshahara wa mwezi na kliniki au kaunti, na bima isishike saa yake.

Sindano

Mkuu, kisa kizuri, ila naomba kutofautiana. Mimi ni nesi Houston. Huo mshahara wa mwezi unatoka mfuko gani? Ukisema kliniki, kliniki inaomba ruzuku, na hapo tumerudi kulekule ulikokulalamikia. Bima ndiyo pesa pekee ambayo haiagi.

Halafu bima inadai cheti, na hilo mimi naliunga mkono mia kwa mia. Texas ilitunga sheria ya kuwatambua promotora tangu 1999, na kozi ya cheti ni saa 160. Nimeshapokea mgonjwa aliyeacha metformini, vidonge vya kisukari, kabisa kwa sababu mama mmoja wa kujitolea alimhakikishia kuwa juisi ya mpungate, ule wanaouita nopal, inatosha. Alikuja hajitambui vizuri, sukari imepanda hadi mashine inaandika neno badala ya namba. Yule mama alikuwa na nia njema kabisa. Nia njema haijui mpaka wake ni wapi, mafunzo yanaujua.

HesabuKwanza

Mnagombania malipo kabla ya kuuliza kama kazi yenyewe inaleta matokeo. Kuna utafiti wa Chicago uliochapishwa 2014, wagonjwa 144 wenye asili ya Meksiko. Kundi moja lilipangiwa kutembelewa nyumbani na promotora mara 36 kwa miaka miwili. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, ilishuka kwa pointi 0.69 za asilimia zaidi ya kundi lingine. Sawa. Lakini presha haikubadilika, na watafiti hawakuona tofauti kwenye kujipima wala kwenye kufuata dawa na mlo. Sasa sukari imeshushwa na nini?

Mpangani_LA

@HesabuKwanza swali halali. Ila 0.69 usiidharau, kuna vidonge vya bei mbaya vinavyoshusha kiasi hichohicho na hakuna anayevihoji. Kilichoishusha pengine hakimo kwenye dodoso. Kwenye dodoso bibi yangu angejaza "natumia insulini kila siku", na angekuwa anasema kweli.

MwanaKisumu

Wandugu, mimi nafanya kazi hii hapa Kenya. Septemba 2023 serikali ilituzindua rasmi, zaidi ya watu 100,000, tukapewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Yaani ndicho anachotaka mleta mada: hakuna anayehesabu dakika zangu. Naweza kukaa kwa mama mzee mpaka chai iive.

Lakini upande mmoja ukichelewesha nusu yake, huna pa kushitaki, maana huna fomu inayoonyesha ulifanya nini. Na stripu za kupimia sukari zikiisha, mashine inabaki pambo. Sisemi bima ni bora. Nasema msidhani mshahara wa mwezi unakuja wenyewe kila mwezi.

Comadre_wa_Kiswahili

Jambo ambalo hamjaligusa ni jina la mgonjwa. Bima haiwezi kulipa bila jina na anwani. Mwaka 2025 taarifa za watu waliosajiliwa Medicaid, mpango wa nchi nzima ambao Medi-Cal ni sehemu yake, wa California wakiwemo, zilipelekwa na serikali kuu kwa wizara inayosimamia uhamiaji. Januari mwaka huohuo mwongozo uliozuia ukamataji wa wahamiaji hospitalini ulishafutwa. Mtaani kwetu kuna wazee walioacha kufungua mlango hata kwa promotora waliyemzoea, sababu safari hii amekuja na tableti ya kujaza.

Na tangu Januari 2026 California imefunga usajili mpya wa Medi-Cal kwa watu wazima wasio na karatasi za uhamiaji. Hao promotora wa bima atawaandika wapi?

Kwa upande wa Medicare, mzee asiye na bima ya nyongeza anachangia asilimia 20. Baba mmoja alipoambiwa asaini akauliza, "Kumbe akija kunisalimia nalipa?" Hakusaini.

Sindano

@Comadre hapo kwenye taarifa umenishika, sina jibu. Kwa wasio na karatasi nakubali lazima pesa itoke nje ya bima.

Ila kwa wenye bima sirudi nyuma. Nusu saa ya gauni iandikwe "kujenga uhusiano na kukagua uhifadhi wa dawa nyumbani", na kliniki imfundishe promotora kuandika hivyo. Mpangani, nipe mfano wa kliniki moja tu iliyolipa promotora mshahara wa mwezi miaka mitano mfululizo bila ruzuku na bila bima. Ukiileta, nabadilika leo.

Mpangani_LA

Sina. Lakini fomu hiyo unayoisema, mkaguzi wa bima ameshairudisha kwetu. Alitaka dakika ngapi zilikuwa za dawa na ngapi za uhusiano.