Kupanda mitsuba ya Kijapani kivulini, huku Mbeya

Swali, kutoka Uyole

Habari zenu, ndugu wakulima. Nyuma ya nyumba yangu, upande wa kusini, kuna eneo dogo lililobanwa kati ya ukuta na mparachichi mkubwa, ambako mchicha na giligilani hurefuka bila nguvu kwa kukosa jua. Nimesoma kwamba mitsuba, kiungo cha majani ambacho Wajapani hukitia kwenye supu na kwenye mayai ya kupikwa kwa mvuke, hustawi kivulini, nami ningependa kuipanda kabla mvua za Novemba hazijaanza. Naomba kufahamishwa kama eneo hilo linaifaa, mbegu zake zioteshwe vipi, na kama itastahimili baridi ya Juni na Julai.

Jibu, kutoka Iringa

Ndugu yangu wa Uyole, eneo linafaa, ila usiutegemee ukuta peke yake. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa katika nchi za kaskazini, ambako upande mmoja wa nyumba hukaa kivulini karibu mwaka mzima. Sisi tuko takriban nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba, kisha huhamia upande wa kusini hadi karibu mwisho wa Februari. Ukuta wako unaotoa kivuli mwezi Julai utapigwa na jua mwezi Desemba, kila mawingu yanapofunguka, na hapo mparachichi ndio utakaokusaidia. Mitsuba ikichomwa na jua la mchana, majani hupauka na kuwa magumu, lakini jua la asubuhi haliidhuru.

Hata hivyo, nisingeipanda ardhini chini ya mparachichi, kwa sababu mizizi ya mti huo hutanda karibu na uso wa ardhi na itaipokonya maji. Tumia beseni pana lililotobolewa chini, lenye udongo uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri.

Kuhusu mbegu, shida kubwa ni mazoea yetu ya kufukia. Mbegu za mitsuba ni nyembamba, ndefu kidogo na za rangi nyeusi, na huhitaji mwanga ili ziote. Ziloweke usiku kucha, uzitawanye juu ya udongo uliolowa, kisha uzikandamize kwa kiganja ili zishike udongo bila kuzama. Kwa kuwa ziko juu, hukauka upesi, na mbegu iliyokwisha kuvimba ikikauka haifufuki. Tena maji ya kumwaga kwa jagi huzisomba zote upande mmoja wa beseni. Njia salama ni kuliweka beseni ndani ya karai lenye maji kidogo, udongo unyonye kutoka chini hadi uso wake uwe mweusi, ndipo uliondoe. Miche huchomoza baada ya wiki mbili au tatu; ikishika nguvu, ipunguze ibaki nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya mche na mche.

Jibu, kutoka Njombe

Baridi ya Mbeya isikutie hofu. Mmea huu ni wa kudumu na Japani huvuka majira ya baridi; sakitu ikiunguza majani, mizizi huchipua tena joto linaporudi. Kinachouumiza zaidi ni ukame wa Agosti hadi Oktoba, basi weka matandazo ya nyasi kavu na usiache udongo upasuke.

Jibu, kutoka Tukuyu

Naongeza machache. Huku kwetu, kwenye unyevu mwingi, adui wa bustani ya kivulini ni koa na konokono, ambao hula miche usiku. Wasake kwa tochi, na usirundike majani mabichi karibu na beseni. Wakati wa kuvuna, kata mabua ya nje na uache kitovu cha katikati, ili mmea uendelee kutoa mengine. Bua lake jembamba nalo huliwa, na kwa maoni yangu ndilo lenye utamu zaidi kuliko jani. Usilichemshe: tia majani kwenye bakuli la supu ya kuku wakati wa kupakua, kwa sababu yakipikwa sana harufu yake hupotea na uchungu hujitokeza.

Ukiagiza mbegu kutoka nje ya nchi, anza na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na umtake muuzaji aambatanishe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Dai pia mbegu za msimu wa karibuni, kwani mbegu za ukoo huu wa karoti na giligilani hupoteza uwezo wa kuota mapema.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, nitatumia beseni. Kando ya mto kuna mmea wa porini wenye majani yanayofanana na ya mitsuba niliyoiona pichani. Je, naweza kuuonja wakati nikisubiri mbegu?

Jibu, kutoka Iringa

Hapana, ndugu yangu, usiuonje hata kidogo. Ukoo huu una mimea yenye sumu ya kuua, na baadhi yake hufanana sana na ile inayoliwa. Kula ile tu uliyoiotesha mwenyewe kutokana na mbegu unazozijua.