Tupeane uzoefu: kosa gani la filamu ya vichekesho limekugandia kichwani?

Wa Mikindani: Wadau, jana usiku nimeangalia komedi moja imechezwa pwani. Jamaa wawili wanagombania hela ya pweza, wanapigana vijembe, mbavu sina. Mara naona ngalawa nyuma yao imelala topeni. Kamera ikahamia kwa wa pili, ngalawa inaelea! Ikarudi kwa wa kwanza, tope tena. Maji kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita, kwa hiyo huyu walimrekodi asubuhi na mwenzake mchana, halafu wakawaunganisha wanajibizana. Kicheko kikakata palepale. Nyie mmekutana na lipi?

Kijana wa Chuno: Hapo kwenye maji kweli kabisa. Mtu wa bara anapita bila kuona.

Mkulima Tandahimba: Mimi ni korosho. Mtu anaokota korosho anaimba, juu mti mzima umetoa maua. Maua ni kipindi tunachopuliza salfa, kuokota ni Oktoba kwenda mbele. Halafu gunia limejaa analinyanyua kwa mkono mmoja kama mto wa kulalia. Nilizima.

Bandarini: Jamani hiyo ni komedi, si somo la kilimo.

Nachingwea Mjini: Shikamoo mzee. Ila mkorosho unaweza kuwa na maua na mabibo kwa wakati mmoja, usiwaonee.

Mkulima Tandahimba: Marahaba. Unaweza. Lakini ule haukuwa na bibo hata moja, sasa hizo korosho zilidondoka kutoka wapi? Na wewe Bandarini, mtu akichekesha kwa kazi yangu ninayoijua, basi aijue na yeye. Nitacheka zaidi.

Msimbati: Mimi jua. Wapenzi wamekaa ufukweni kwetu, eti machweo, jua linazama baharini. Huku kwetu baharini ndiko linakochomoza!

Mtu wa Kitunda: Inategemea umekaa wapi. Sisi Kitunda tunaliona likizama ng'ambo ya maji, upande wa Lindi mjini.

Msimbati: Nimesema kwetu.

Binti wa Newala: Sikutaka kuandika ila mmenikumbusha. Bibi yangu alichukuliwa kuigiza komedi, wakati huo tunakaa Mtwara mjini. Alikuwa na nembo za Kimakonde, zile chale za urembo, uso mzima, mashavu yote na paji la uso, na ndizo zilizowafanya wampende. Aliuza ming'oko, vile viazi vya porini, barazani, mteja anakula anakataa kulipa, bibi anainuka na mwiko kumkimbiza. Siku ile alitoka vizuri sana, mtaa mzima ulikuwa pale. Kumkamata yule mteja kulibaki kwa siku nyingine, kwa sababu muda wa kamera ya kukodi uliisha.

Bibi akafariki kabla hawajarudi.

Siku ya tatu ya msiba wakaja vijana wawili. Tulidhani wamekuja kutupa pole. Walitoa pole, wakakaa, halafu mmoja akamwita shangazi pembeni akaomba ile kanga aliyovaa bibi. Shangazi aliingia ndani akaitoa, hakusema neno. Mimi nililia kwa ile kanga kuliko nilivyolia makaburini.

Filamu ilipotoka nikaenda banda la video. Bibi anainuka na mwiko, anakimbia, anapinda kona, anayetokea upande wa pili ni mama mwingine, kanga ileile, uso hauna hata chale moja. Banda zima likaangua kicheko. Kuna mtu alipaza sauti, "Bibi kanawa nembo!" Nikatoka.

Kijana wa Chuno: Pole sana dada. Mungu amrehemu.

Bandarini: Pole dada. Ila waliocheka hawakujua, tusiwalaumu.

Mkulima Tandahimba: Hao wa bandani sawa. Waliokwenda msibani je? Kanga ya marehemu inaombwa siku ya tatu?

Niliwahi kushika skripti: Pole mama. Niseme la kazi. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio tunaouona, vipande vya sehemu moja vinafanywa pamoja. Kwa hiyo kila teki, yaani kila mara kamera inaporekodi kipande, ikiisha piga picha kwa simu: nguo, mikono, kikombe kiko wapi. Andika na saa. Ukiwa pwani, uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi.

Nachingwea Mjini: Picha ingemsaidia nini huyo bibi? Wangebadili hadithi tu. Bibi kasafiri, mdogo wake kaja kudai hela ya ming'oko. Sentensi moja inatosha.

Msimbati: Au wafanye kama Jackie Chan, makosa yote anayaonyesha mwisho wa filamu watu wacheke wazi.

Mkulima Tandahimba: Si kosa la namna hiyo hili.

Wa Mikindani: Dada, hiyo filamu unayo bado?

Binti wa Newala: Ninayo kwenye flashi. Shangazi huwa anaiomba sikukuu. Tunaiwasha mpaka bibi anaposhika mwiko, halafu anasema zima.