Tupeane uzoefu: kupiga Linux kwenye Mac, kinachokubali na kinachogoma

keneli_mzee
Wakuu, uzi huu ni wa kuweka pamoja mambo ya Linux kwenye Mac. Anayechangia ataje modeli, chipu na amri. "Mbona yangu imekubali" bila modeli haimsaidii mtu.

Kabla ya yote, jua mashine yako iko kundi gani. Kuna Intel zisizo na T2, chipu ya usalama ya Apple (kuanzia 2006), kuna Intel zenye T2 (iMac Pro ya 2017, kisha nyingi za 2018 hadi 2020), na kuna zenye chipu za Apple yenyewe, kuanzia M1 ya Novemba 2020. Usikadirie kwa mwaka tu: iMac ya 2019 haina T2. Fungua System Information, sehemu ya Controller. Kama ipo, itaandikwa hapo. Maelekezo ya kundi moja hayafai kwa jingine, na nusu ya maswali ya "imegoma" yanatokana na hilo.

Bisibisi
Naanza na flashi ya USB ya kusakinishia Linux. Ukiwa ndani ya macOS:

diskutil list
diskutil unmountDisk /dev/disk2
sudo dd if=linux.iso of=/dev/rdisk2 bs=1m

Hiyo 2 ni mfano, soma namba yako kwenye orodha. dd, amri inayoandika kwenye flashi, haiulizi mara mbili. Ukiipa namba ya diski ya ndani, data yako imekwenda. Herufi r kwenye rdisk inaongeza kasi sana. Ikimaliza, macOS italalamika kwamba diski haisomeki: bonyeza Eject, usibonyeze Initialize.

Washa mashine huku umeshikilia Option, chagua EFI Boot. Kibodi ya Bluetooth mara nyingine huchelewa kusikika hapo, tumia ya waya.

Wenye Mac za 2006 na 2007: prosesa inaweza kuwa ya biti 64 huku EFI (programu inayowasha mashine) ni ya biti 32. Flashi ya kawaida haitaonekana kabisa. Inahitaji faili la bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/BOOT.

MtegaMawimbi
Waifai ndiyo inayowatoa watu jasho, kwa hiyo nitakaa hapo. Kabla hujafuta macOS, washa Linux kwa flashi bila kusakinisha, kisha andika:

lspci -nn | grep -i net

Kwenye jibu, 14e4 ni kampuni ya Broadcom. Angalia namba inayofuata:

43a0 ni BCM4360, iliyomo kwenye MacBook Air za 2013 hadi 2017. Hii inataka draiva (programu inayoendesha kifaa) ya wl. Kwenye Debian pakiti ni broadcom-sta-dkms, kwenye Ubuntu na Mint bcmwl-kernel-source, kwenye Fedora ni broadcom-wl kutoka RPM Fusion (hifadhi ya pakiti za ziada).
4331 inatumia b43, pamoja na pakiti ya firmware-b43-installer.
43ba ni BCM43602, ya MacBook Pro za 2015. Draiva yake, brcmfmac, imo ndani ya keneli (kiini cha Linux) tayari.

Tatizo ni kwamba draiva inapakuliwa mtandaoni na MacBook Air haina tundu la waya wa mtandao. Chomeka simu kwa USB, washa kushiriki intaneti. Linux inaiona simu kama kadi ya mtandao bila draiva ya ziada.

Halafu kuna hili la baada ya miezi: umesasisha mfumo, waifai imetoweka. Draiva ya wl hujengwa upya kwa kila keneli mpya, na isipopata linux-headers zinazolingana na keneli inayotumika (itazame kwa uname -r) inashindwa kimyakimya. Mara nyingine keneli ni mpya mno kiasi kwamba wl yenyewe haijengeki mpaka watunzaji waitie viraka. Rudi keneli ya zamani kupitia GRUB (menyu ya kuwashia Linux), na kwa mashine hizi kaa kwenye toleo la LTS (linalotunzwa kwa muda mrefu). Kukimbilia keneli mpya kabisa kwenye Mac ya 2013 hakuna faida yoyote.

Bisibisi
Nyongeza za harakaharaka.

Mashine inachemka na feni imelala: sudo apt install mbpfan, kisha rekebisha low_temp na high_temp kwenye /etc/mbpfan.conf.

Vitufe vya F1 hadi F12 vinabadilisha mwanga na sauti badala ya kazi yake: andika options hid_apple fnmode=2 kwenye /etc/modprobe.d/hid_apple.conf, kisha sudo update-initramfs -u.

Ukurasa mweupe kwa nusu dakika kila unapowasha baada ya kufuta macOS: mashine inatafuta diski iliyokuwa chaguo la kwanza. Washa na Option, shikilia Control, halafu chagua diski ya Linux. Itakumbuka.

Kamera ya FaceTime HD inataka moduli ya facetimehd na fimwea (programu ya ndani ya kifaa) inayochomolewa kwenye faili la Apple. Kama huna mikutano, achana nayo.

pikseli_moja
MacBook Pro ya inchi 15 ya 2011 yenye kadi ya AMD iliyokufa: skrini ina mistari au mashine inakwama inapowaka. Bado kuna kadi ya Intel ndani yake. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, weka haya kabla ya mstari wa linux:

outb 0x728 1
outb 0x710 2
outb 0x740 2
outb 0x750 0

Mistari mitatu inahamisha skrini kwenda Intel, wa mwisho unaizima AMD. Ikikubali, iweke kwenye mipangilio ya GRUB ya kudumu.

Shina
Za T2: usifute macOS kwanza! Zima, washa na Command+R, fungua Startup Security Utility, chagua No Security na ruhusu kuwasha kwa diski ya nje. Inadai nenosiri la msimamizi wa macOS. Ukishafuta macOS, hakuna wa kulitoa.

Kibodi, tachipedi na sauti vyote vinapitia T2, hivyo keneli ya kawaida haitoshi. Tumia matoleo ya mradi wa t2linux yenye draiva ya apple-bce, na andaa kibodi na mausi ya USB. Fimwea ya waifai nayo inachukuliwa kutoka macOS kabla ya kufuta.

jirani_wa_root
Vipi kinyume chake, macOS kwenye PC?

keneli_mzee
Inawezekana kwa OpenCore (programu ya kuwashia macOS kwenye PC), lakini leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye mashine za Apple tu. Draiva zilizotolewa na Nvidia yenyewe ziliishia High Sierra (macOS ya 2017), na Apple imetangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Intel. Siyo njia ya kuanza leo.

Shina
Za M1 na M2: Asahi Linux, inayosakinishwa kutoka ndani ya macOS yenyewe, siyo kwa flashi. Ikimaliza, zima, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka machaguo yatokee. Keneli yake inatumia kurasa za kumbukumbu za KB 16, hivyo baadhi ya programu zilizojengwa kwa KB 4 zinaanguka. Siku ya kuiondoa, futa patisheni zake tu. Apple_APFS_ISC ya mwanzo na Apple_APFS_Recovery ya mwisho usiziguse. Zikienda, mashine haiwaki mpaka urejeshe kwa DFU (hali maalumu ya kurejesha fimwea), na hiyo kwa kawaida inataka Mac nyingine, kwa mfano yenye Apple Configurator.