Deki mbili nimepata, pesa ya santuri tano tu: nianze na lebo gani?

YakheWaTudor

Wadau wa Mombasa salama? Nataka mawazo yenu. Ami yangu karudi kutoka ng'ambo na kaniachia deki mbili za kuchezea santuri, Technics SL-1200 zile MK2, nzima kabisa, ila moja kile kitelezi cha spidi chakwama kidogo kikifika pale sifuri. Miaka yote mimi nacheza kwa laptopu, harusi za Tudor na sherehe za ufuoni Bamburi, lakini roho yangu iko kwa haus na tekno za chini kwa chini, mziki wa densi wa mashine, zile hazipigwi redioni hata usiku wa manane.

Shida ni pesa. Nimepiga hesabu bei ya santuri yenyewe, kusafirishwa, ushuru na VAT ya 16%, nikaona mpaka mwisho wa mwaka nitaweza tano tu. Nikiingia mtandaoni naona majina mia mbili na kila mtu apigia debe lake. Nyinyi mulio na santuri nyumbani, lebo gani (kampuni za kutoa santuri) na wasanii gani mwawapenda mpaka mungewanunua tena leo?

SahaniNyeusi

Yakhe hongera, hizo deki ukizitunza wajukuu watazirithi. Mimi nanunua tangu 2009 na ushauri wangu ni mmoja, fuata lebo, usifuate ngoma. Lebo ndogo huwa ni watu wawili watatu wenye sikio moja, ukiipenda moja yao hata ile usiyoijua huenda ukaipenda, lakini ukikimbiza ngoma moja yenye jina utalipa mara tatu halafu upande wa pili hauna kitu.

Ukianza kwa mpangilio utaanza Chicago, Trax Records, ilianza 1984. Larry Heard kwa jina la Mr. Fingers alitoa pale Can You Feel It mwaka 1986 na mpaka leo sijasikia besi iliyotulia vile. Ila skiza, usinunue chapa ya kwanza! Trax walikuwa wakiyeyusha santuri kuukuu na kuzikandamiza upya, yangu ukiiweka sindano yalia kama mafuta ya viazi karai kabla hata ngoma haijaanza. Tafuta toleo jipya lililosafishwa vizuri.

Kisha Detroit, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Underground Resistance, Mike Banks na Jeff Mills waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 80, baadaye Robert Hood akaingia, walificha nyuso zao wakataka usikie mziki tu. Chini ya mwavuli wao wakatoka Drexciya, kundi la watu wawili, James Stinson na Gerald Donald. Mwaka 1997 kwenye mkusanyiko wao wa The Quest waliandika kisa, kwamba wanawake wa Kiafrika wenye mimba walitupwa baharini kutoka kwenye meli za watumwa kule Atlantiki, na watoto wao wakazaliwa majini wakiwa wapumua maji, wakajenga nchi huko chini.

Mimi mtu wa Kisauni. Kila siku matatu yanipitisha Kengeleni pale penye ile kengele ya Frere Town, pale walipopewa makao watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa miaka ya 1870. Siku niliyosoma kile kisa nilikuwa nimeisikiliza ile santuri labda mara kumi na nilikuwa naona ni mziki wa mashine tu, ngoma za ile mashine ya 808, sauti za mapovu, besi yapita chini yako kama unavyosikia injini ya feri kwenye nyayo ukiwa umesimama Likoni. Nikaiweka tena. Sikuweza kuongea na mtu jioni ile. Bahari yao ni nyengine na yetu ni nyengine lakini wallahi naona waliniandikia mimi.

Stinson alifariki 2002, kwa hivyo hakuna mpya. Nunua Neptune's Lair yao, ilitoka 1999 kwa lebo ya Tresor ya Berlin, au zile ambazo lebo ya Clone ya Rotterdam walizichapa upya kuanzia 2011, zile za zamani bei yake haifai kabisa.

BintiMajengo

Kaka SahaniNyeusi umenitoa machozi na hiyo ya Kengeleni, nyanyangu alikuwa akitusimulia habari za pale.

Lakini Berlin umeigusa tu ukapita. YakheWaTudor wewe ni mtu wa Mombasa kwa hivyo rege umekulia ndani yake upende usipende, basi yako ni Basic Channel. Moritz von Oswald na Mark Ernestus, walianza 1993, huyo Ernestus ndo mwenye duka la Hard Wax lililofunguliwa 1989. Walichukua tekno wakaipitisha kwenye mwangwi wa dabu, ile rege ya Jamaika iliyojaa mwangwi, mpaka ngoma yenyewe yabaki kivuli. Mara ya kwanza nilidhani spika yangu imeharibika. Halafu wakawa Rhythm & Sound, na See Mi Yah ya 2005 ni mdundo mmoja tu, waimbaji tofauti wapokezana juu yake, vile vile wafanyavyo Kingston. Weka hiyo saa nne usiku watu wakiwa bado wamekaa, utaona vichwa vyaanza kutikisika vyenyewe.

Na jengine, kwani lazima zote zitoke Ulaya na Marekani? Lebo ya Nyege Nyege Tapes wako Kampala hapo, mwaka 2017 walitoa Sounds of Sisso, singeli ya Dar tupu. Kasi yake yapita midundo 200 kwa dakika, na ukiskiza kwa makini utakamata vipande vya kinanda cha taarabu vimekatwa vikazungushwa mpaka vyapiga kizunguzungu. Nilimchezea mamangu akaniambia "hii si ile ya harusi wameikimbiza?" Kamata pia Poaa ya msanii Bamba Pana, ya 2018. Hii ndo andagraundi ya lugha yetu, tusiione ndogo.

fundi_wa_deki

Kuhusu kile kitelezi usiende kwa fundi yeyote akaanza kukifungua!! MK2 zote zina kijishimo pale sifuri, zilitengenezwa hivyo, ukipita wasikia "tik" na spidi yajifunga na kwatzi, kile kijiwe kinachoshikilia spidi isiyumbe. Hiyo sio ugonjwa. Kama chakwama mahali pengine hapo ni vumbi, dawa yake ni dawa ya kusafishia swichi na uvumilivu.

La muhimu zaidi ni hewa yetu. Santuri zisimame wima, zisilale, zisigusane na ukuta wa upande wa bahari kwa sababu kuvu laanza kwenye jalada kabla hujaliona. Kuosha tumia yale maji ya betri ya petroli steshini, angalia wakupe maji na sio asidi, tone moja la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, fuata mistari usiikate. Na usiache santuri kwenye gari hata kwa muda wa swala ya Ijumaa. Mimi niliacha tatu, nikarudi zimejipinda kama chapati, na moja ilikuwa ya kuazimwa.

MzeeWaBaraza

Mwanangu YakheWaTudor, hao wenzako wamesema sawa na mimi nawaskiza kwa furaha, lakini usimalize pesa zote kwa posta. Mombasa hii ilikuwa na lebo yake, Mzuri, ya kina Assanand, wakitoa taarabu kwenye santuri ndogo za inchi 7. Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, hao wote wamo. Nimeziokota Kongowea katikati ya mitumba kwa shilingi 100, hazina jalada, zina alama ya kikombe cha chai juu yake, na bado zaimba. Na kulikuwa na Slim Ali, kijana wetu wa hapa na Hodi Boys, wakipiga soul ya kuchezeka. Lebo ya Soundway ya Uingereza ilikusanya mambo kama hayo ya Kenya mwaka 2013 kwenye Kenya Special, ukitaka iliyo safi.

Nipo Kibokoni. Sanduku langu liko wazi kwa anayekuja na mikono misafi.

YakheWaTudor

Jamani ahsanteni sana, nimesoma yote mara mbili na kitelezi nimekijaribu, kweli ni "tik" ya sifuri, fundi Mungu akuweke, nilikuwa nishabeba bisibisi.

Naagiza Neptune's Lair, See Mi Yah, Sounds of Sisso, na Mr. Fingers toleo jipya. Ya tano naiacha kwanza. Mzee, Jumamosi baada ya alasiri nitafika Kibokoni na deki moja begani, na nitanawa mikono nikifika mlangoni.

MzeeWaBaraza

Karibu. Waya wa stima upo, kahawa ipo. Mwambie na BintiMajengo aje na hiyo singeli, nataka kusikia ni kinanda cha nani walichokikata.