Kichwa kugonga wakati hedhi imeanza kurukaruka: nianzie wapi?

DukaDawa_Mafinga
Habari za jioni wadau. Dukani wanakuja sana akina mama wa miaka 43 hadi 50 ambao hedhi imeanza kurukaruka. Kichwa kinagonga upande mmoja, wana kichefuchefu, hawataki mwanga. Wengi wanaomba mseto (dawa ya malaria), au wanachukua Panadol za kumeza kila siku. Nianze na nini, na nani nimpeleke hospitali?

Nesi_Uyole
Anza na kipimo cha malaria. Kikisoma hasi, mseto hauna kazi hapo. Halafu presha: akae ametulia dakika 5, mkono juu ya meza usawa wa moyo, upime mara mbili. Ikiwa 140/90 au zaidi aende kituo cha afya, ila usiishie hapo, maana presha iliyopanda kidogo kwa kawaida haiumizi kichwa.

Dalili ulizotaja ni za kipandauso. Ukomo wa hedhi unapokaribia, estrojeni (homoni ya kike) hupanda na kushuka ovyo, na kule kushuka ndiko kunakochokoza kichwa. Wengi huumwa kuanzia siku 2 kabla ya damu hadi siku ya 3 ya hedhi. Mpe kalenda aweke alama miezi 3: H siku ya hedhi, K siku ya kichwa, D siku aliyomeza dawa.

Mfamasia_Iringa
Hiyo D ihesabu kwa makini, ndugu yangu. Paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikiendelea zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaanza kuleta maumivu. Zenye kafeini au kodeini mpaka ni siku 10, na Panadol Extra ina kafeini mg 65 kila kidonge.

Kosa la pili ni kusubiri kichwa kishike kabisa ndipo ameze kidonge kimoja. Ameze mapema: paracetamol g 1 (isizidi g 4 kwa saa 24), au ibuprofen mg 400 akiwa amekula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha isiyotulia usimpe ibuprofen. Kumeza dawa siku chache kabla ya hedhi kunasaidia wenye mzunguko unaotabirika. Ukishavurugika, daktari humpa kinga ya kila siku, mfano propranolol, au amitriptyline mg 10 usiku.

Muulize pia kama huona vimulimuli kabla ya kichwa. Huyo vidonge vya majira vyenye estrojeni havimfai, vinaongeza hatari ya kiharusi.

Makete_Afya
Kipindi hiki cha baridi uliza habari za jiko la mkaa. Kichwa kikiuma asubuhi, kikapungua akitoka nje, na watoto nao wanalalamika, hiyo ni gesi ya mkaa. Haina harufu. Jiko lisilale chumbani hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

DukaDawa_Mafinga
Asanteni sana. Kuna mama wa miaka 52, hajawahi kusumbuliwa na kichwa. Sasa kinauma kwenye panda, akichana nywele ngozi inauma, akitafuna taya linachoka.

Nesi_Uyole
Huyo usimuuzie kitu, aende hospitali leo hii. Inaweza kuwa mishipa ya panda imevimba, na ikicheleweshwa anaweza kupofuka. Mwandikie karatasi: umri, kichwa kipya, taya, na kama macho yamewahi kufifia.