Tupeane uzoefu: kusoma na kuandika tablatura ya gitaa kwa simu

Nyuzi Sita (Dar es Salaam)

Wadau wa gitaa, habari za leo.

Nafungua mada hii kwa sababu ya daftari. Mzee aliyenifundisha gitaa alipiga solo miaka mingi kwenye bendi za dansi, na sasa vidole vya mkono wake wa kushoto vimekaza. Hajawahi kuandika muziki. Vyote viko kichwani na mikononi, na mikono ndiyo hiyo. Nikaanza kuziandika solo zake kwenye daftari: mistari sita, namba juu yake. Baada ya mwezi nafungua, naona 5-7-5-8, sikumbuki ipi ilivutwa na ipi ilikatwa. Namba zote sahihi, wimbo haupo.

Ndipo nikahamia kwenye programu ya simu. Kwa wanaoanza: kila mstari wa tablatura ni uzi mmoja wa gitaa. Mstari wa chini kabisa ni uzi mnene, wa juu kabisa ni ule mwembamba. Namba ni freti (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya kubonyeza, sifuri ni uzi mtupu. Mtindo wenyewe ni wa zamani sana. Wapiga luti (ala ya nyuzi ya zamani) wa Ulaya walikuwa nao miaka ya 1500, ila tablatura za Italia za wakati huo ziliweka uzi mnene juu. Kwenye simu unaandika, unabonyeza, inakupigia hapo hapo.

Kosa langu kubwa: sauti moja hukaa mahali pengi. Ile E ya uzi wa kwanza mtupu utaikuta pia uzi wa pili freti ya 5, wa tatu freti ya 9, wa nne freti ya 14. Niliandika solo nzima huku chini karibu na kichwa cha gitaa, simu ikapiga vizuri kabisa. Mzee akasikiliza, kisha nikamsomea namba, akatikisa kichwa: "Sikuwa huko mwanangu, nilikuwa huku juu." Na kweli, ukiipiga huko juu, karibu na tumbo la gitaa, uzi unatoa sauti nene zaidi na vidole havirukiruki. Siku hizi namrekodi video ya mkono kwanza, hata akipiga polepole na kwa maumivu, ndipo naandika.

Ninyi mnafanyaje?

Alto wa Pili (Iringa)

Asante kwa mada, kaka. Mimi napigia kwaya gitaa na nimekulia kwenye solfa, yaani do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi. Solfa inakueleza muda: nukta mbili zinatenganisha mapigo, nukta moja inagawa pigo nusu, mkato unagawa robo. Haikuelezi ubonyeze wapi. Tablatura ya daftari ni kinyume chake, inakuonyesha pa kubonyeza na muda inauacha. Ndiyo maana daftari lako lilikutupa.

Kwenye programu, chagua urefu wa sauti KABLA ya kuweka namba. Wengi wanasahau, kila kitu kinatoka na urefu mmoja kama saa ya ukutani. Mimi napiga makofi wimbo mzima kwanza, naandika solfa kwenye karatasi, halafu nahamishia simuni. Inachukua jioni nzima kwa ubeti mmoja na sijutii.

Mkono wa Kushoto

Swali la haraka: natumia kushoto. Tablatura nayo nigeuze?

Alto wa Pili (Iringa)

Hapana ndugu, iache kama ilivyo. Uzi wa kwanza ni uzi wa kwanza kwa kila mtu. Kinachogeuzwa ni ule mchoro wa shingo ya gitaa. Baadhi ya programu zina mpangilio huo.

Solo ya Ziwani (Kisumu)

Mimi ni wa benga, na shida yangu ilikuwa vipimo, yaani vile visehemu vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari wima. Programu ninayotumia hukipa kipimo rangi nyekundu kama mapigo yamezidi au yamepungua. Wiki ya kwanza ukurasa wangu ulikuwa mwekundu wote! Nilikuwa naandika mapigo manne ya kawaida, kumbe ninachopiga ni sauti tatu ndani ya pigo moja. Nilipobadilisha kuwa 12/8 (mapigo manne, kila moja sauti tatu) rangi ikaondoka na wimbo ukaanza kutembea.

Neno lingine kuhusu kusoma: tablatura unazopakua zimeandikwa na watu kwa sikio, na masikio hukosea. Punguza mwendo hadi nusu, rudia kipande kimoja, linganisha na rekodi yenyewe. Masikio yako yakikataa, yaamini. Na usitumie spika za bluutuuthi ukifanya mazoezi, sauti huchelewa kidogo na utajikuta unaifukuza.

Kidole Gumba (Lubumbashi)

Jambo wote. Huku kwetu Katanga tunapiga kwa gumba na kidole cha shahada, njia ya mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa muziki David Rycroft alikwisha kuandika upigaji wake kwa noti, kwa hiyo anayesema muziki wetu hauandikiki hajatafuta.

Siri ni kutumia tabaka mbili (programu huziita "voice") kwenye tablatura moja. Gumba liandikie tabaka la pili, shahada tabaka la kwanza. Ukizichanganya, kila mara shahada inapoingia simu inakata besi, na besi ile inatakiwa iendelee kulia.

Ridhimu (Mwanza)

Wapenzi wa rumba, chungeni mi-solo, lile gitaa linalokaa kati ya solo na ridhimu. Wapigaji wengi wa gitaa hilo hutoa uzi wa nne wakaweka mwembamba, wakaupandisha D ya oktavu ya juu. Niliandika bila kujua, nikahangaika wiki mbili nikidhani masikio yangu yameharibika. Ingia kwenye mpangilio wa kutuni, uzi wa nne ubadilishe kutoka D3 kuwa D4. Namba hazibadiliki, lakini sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inalia kama sebene.

Mkono wa Kushoto

Asanteni sana. Na mnatumianaje WhatsApp? Kwangu mistari inapishana.

Solo ya Ziwani (Kisumu)

Herufi hazina upana sawa ndiyo maana. Weka alama tatu za ``` mwanzoni na mwishoni, na usizidishe vipimo viwili kwa mstari. Hii ni kodi (chord) ya C:

```
e|------0-----|
B|----1---1---|
G|--0-------0-|
D|------------|
A|3-----------|
E|------------|
```

Kwa wimbo mzima tuma faili au PDF.

Nyuzi Sita (Dar es Salaam)

Nimesoma yote mara mbili. Jana nimerudia ile solo kwa njia ya Alto: makofi kwanza, urefu, kisha namba, zote huko juu shingoni. Nikampelekea mzee na spika ya waya. Alisikiliza amefumba macho, mkono wa kulia unapiga paja. Ilipoisha akasema ile sauti ya mwisho imewahi, irudi nyuma kidogo. Nimeshairekebisha. Kesho baada ya kazi napita tena kwake, kuna nyingine mbili anasema bado anazikumbuka.